Uchambuzi wa kisa: kujifunza kuzungusha Mustang kwenye uwanja uliofungwa

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa Ghuba. Majina, mji, mwaka na uwanja vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa fundisho yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mwanafunzi na mkufunzi wote wameridhia kisimuliwe. Mimi nilikuwepo kama msimamizi wa usalama: kazi yangu ni koni, maji, kizimamoto, na kuandika kila kinachotokea. Nakiweka hapa kwa sababu vijana wetu wengi, Ghuba na nyumbani Afrika Mashariki, wananunua magari yenye nguvu, wanajifunza kuyazungusha kwa kutazama video, kisha wanakwenda kujaribu barabarani kwenye watu.

USULI

Mwanafunzi ni mfanyabiashara wa makamo. Familia yake ina asili ya Unguja, na sebuleni kwake kinazungumzwa Kiswahili. Alikuwa ameendesha magari kwa miaka mingi bila ajali ya kutajika, kisha akajinunulia Ford Mustang GT. Siku ya mvua ya kwanza ya msimu wa baridi, akitoka kwenye mzunguko wa barabara, alikanyaga mafuta kidogo tu na mkia wa gari ukampita. Gari liligeuka nusu duara na kusimama likitazamana na magari yanayokuja. Hakuna aliyegongwa. Madereva wa Ghuba wanaijua mvua hiyo: lami hukaa miezi bila tone, mafuta na unga wa matairi hujikusanya juu yake, na maji ya kwanza huyageuza yote kuwa utelezi.

Hakuja uwanjani kutafuta moshi na makofi. Maneno yake niliyaandika siku ileile: "Gari langu lilinizungusha. Nataka siku moja nilizungushe mimi."

Mkufunzi ni kijana aliyewahi kushindana kwenye drifti, yaani mchezo wa kuendesha gari likiteleza ubavu, ana umri wa kuwa mtoto wa mwanafunzi wake, naye ni Mswahili wa nyumba zilezile. Tangu salamu ya kwanza alimwita mwanafunzi "Ami", naye akaitwa "mwanangu". Ilikuwa adabu njema, na nilifurahi kuisikia. Baadaye adabu hiyohiyo iliingia katika uamuzi ambao haikupaswa kuingia.

GARI NA UWANJA

Mustang hii ni ya modeli ya 2018: injini ya V8 ya lita 5.0, nguvu za farasi 460, gia sita za mkono, nguvu yote ikienda magurudumu ya nyuma. Uzito wake ni kama kilo 1,700, na zaidi ya nusu ya uzito huo uko mbele. Matairi ya mbele yana upana wa milimita 255 na ya nyuma 275. Difu yake, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, inazuia gurudumu moja la nyuma lisizunguke peke yake huku jingine limelala. Bila difu ya namna hiyo, gari hufukuza moshi tairi moja tu na duara halishikiki.

Uamuzi wa kwanza uliohitaji kujadiliwa ulikuwa hapa. Mkufunzi alitaka waanze na gari dogo la zamani la uwanja, lenye nguvu ya kawaida na linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma. Hoja yake ni ya kweli. Soweto, ambako mchezo wa kuzungusha magari ulizaliwa miaka ya 1980 hadi ukatambuliwa rasmi na Motorsport South Africa mwaka 2014, gari lililotukuzwa ni BMW 325iS ya lita 2.7, jepesi mno ukililinganisha na Mustang. Kwenye gari jepesi lenye nguvu ya wastani mguu una nafasi ya kutosha ya kukosea na kusahihisha. Kwenye Mustang, umbali kati ya "tairi halijaachia" na "tairi limeachia kabisa" ni milimita chache za kanyagio.

Mwanafunzi alikataa. Alisema gari lililomtisha ni hili, na hili ndilo analokwenda nalo kazini. Mkufunzi alikubali kwa sharti la maji: mazoezi yote yafanyike kwenye eneo lililolowanishwa. Naona walipatana vizuri. Maji hupunguza mshiko wa matairi yote manne, kwa hiyo kila kitu hutokea kwa mwendo mdogo na tairi haliungui.

Hesabu yake ni rahisi. Ukizunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 8 mahali penye mshiko wa 0.4 (yaani nguvu ya tairi kushika ikigawanywa kwa uzito), ambao ni wa kawaida kwenye sakafu iliyolowa, gari hutembea kama kilomita 20 kwa saa. Duara hilohilo mahali pakavu, penye mshiko wa 0.9, linahitaji kilomita 30 kwa saa. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo, lakini nishati ya gari hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la pakavu limebeba zaidi ya mara mbili ya nishati ya lile la majini. Nishati hiyo lazima iishie mahali fulani.

Matayarisho mengine nitayapitia upesi. Kila kitu kisichofungwa kilitolewa ndani ya gari, hata chupa ya maji na mkeka wa miguuni upande wa dereva. Kioo kilipandishwa ili mkono usitoke. Helmeti, mkanda, kizimamoto karibu. Hakuna abiria ila mkufunzi. Kutoka kwenye koni ya katikati hadi vizuizi vya plastiki vilivyojazwa maji palipimwa mita 30 kila upande.

AWAMU YA MAJI

Somo la kwanza halikuwa na duara hata moja. Mwanafunzi aliendesha moja kwa moja kwenye maji, na mkufunzi aliyekaa pembeni yake akipiga kelele "miguu!", alitakiwa kukandamiza klachi na breki kwa pamoja hadi chini na kutoziachia mpaka gari lisimame kabisa. Klachi hukata nguvu ya injini isiendelee kusukuma mkia, na hulinda injini isizimike au kulazimishwa kuzunguka kinyumenyume gari likirudi nyuma. Breki iliyokanyagwa yote hufanya gari liendelee kule lilikokuwa likielekea badala ya kuchagua njia mpya kila nusu sekunde. Walirudia hadi mguu ukatangulia sauti kwisha.

Somo la pili lilianza kwa tatizo dogo ambalo huwapata wengi. Mwanafunzi alibonyeza mara moja kitufe cha kuzuia kuteleza, taa ikawaka, akaamini kila kitu kimezimwa. Kila gari lilipoanza kuzunguka, lilijikata lenyewe katikati. Kwenye Mustang ya kizazi hiki, kubonyeza mara moja huondoa kizuizi cha magurudumu kuzunguka bure tu. Mfumo mkubwa unaofunga breki ya gurudumu mojamoja ili kunyoosha gari hubaki kazini mpaka ushikilie kitufe kwa sekunde kadhaa. Nataka msomaji atafakari anachokizima hapo. Marekani imeufanya mfumo huo kuwa wa lazima kwa magari madogo mapya tangu modeli za mwaka 2012, kwa sababu unaokoa maisha. Mahali pa kuuzima ni uwanja uliofungwa peke yake.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Njia waliyofuata ni hii: gia ya kwanza, usukani umekatwa karibu wote kushoto, gari linatembea taratibu kuizunguka koni, kisha mafuta yanakanyagwa kwa ghafla. Mkia ukitoka tu, mafuta hupunguzwa hadi pale panapoushikilia. Ukizidisha, pua husimama na mkia huizunguka kama tiara iliyokatika mkia. Ukipunguza mno, matairi ya nyuma hushika na gari hutoka nje ya duara.

Usukani ndio uliomchukua muda. Magurudumu ya mbele ya gari lililotupa mkia hutaka yenyewe kuelekea kule gari linakokwenda, kwa jinsi vifaa vya mbele vilivyoinamishwa kiwandani. Dereva mgeni huukamata usukani kwa nguvu na kupigana nao. Mkufunzi alimfundisha kuuacha ukimbie ndani ya viganja, dole gumba likiwa nje ya mikono ya usukani lisije likavunjwa, kisha kuudaka unapofika. Siku alipoelewa hilo, mabega yake yalishuka. Niliona kutoka kwenye koni.

Jambo jingine ni macho. Alikuwa anatazama mbele ya bodi, na mbele ya bodi ya gari linalozunguka hakuna kitu cha kufuata, dunia inapita tu. Aliambiwa atazame koni kupitia dirisha la mlango wake. Kuanzia hapo alipiga duara tano mfululizo kushoto, laini, koni ikikaa katikati ya dirisha.

JIONI YA PAKAVU

Tatizo lilitokea mwisho wa siku nzuri. Boza la maji lilikuwa limekwisha, na joto la Ghuba lilikausha sakafu kabla hatujamaliza kunywa chai. Mkufunzi alisema:

"Ami, maji yamekwisha. Tufunge hapa."

"Mara moja tu, mwanangu. Nione pakavu pakoje."

Mkufunzi alinyamaza kidogo, kisha akakubali. Nilimuuliza baadaye sababu zake, naye alinieleza bila kujificha. Mwanafunzi alikuwa anasafiri kesho yake na asingerudi karibuni. Uwanja ulikuwa umelipiwa hadi magharibi. Barabara ya kila siku ni kavu, kwa hiyo aliona somo lina maana. Na mwisho alisema kwamba kumkatalia mtu wa umri wa baba yake, aliyeomba kwa upole, kulimwia vigumu.

Kulikuwa na badiliko jingine ambalo hakuna aliyelipa uzito wakati ule. Katika masomo ya mwisho majini, mkufunzi alikuwa ameshashuka garini na kusimama pembeni na redio ya mkononi, kwa kuwa mwanafunzi aliweza. Hata pakavu alibaki pembeni.

Pakavu matairi yalishika kuliko mwanafunzi alivyotarajia. Jaribio la kwanza gari lilitoka nje ya duara bila kuzunguka. La pili alipandisha injini kwanza, akaachia klachi kwa ghafla, na mkia ukatoka kwa nguvu. Duara la kwanza lilikamilika. La pili moshi ulianza kujaa ndani ya duara. Katika la tatu koni ilipotea kwenye moshi. Akashtuka, akaondoa mguu wote kwenye mafuta, usukani ukiwa bado umekatwa kulia kuufuata mkia.

Gari lilichapwa upande wa pili. Alijaribu kulifuata kwa usukani akachelewa, likarudi tena kushoto kwa nguvu zaidi, kisha likateleza ubavu karibu mita 25 na kugonga vizuizi kwa kona ya mbele kushoto. Mkufunzi alikuwa ameita "miguu!" kwenye redio tangu mchapo wa kwanza. Mwanafunzi hakusikia lolote ila injini.

Hakuumia. Helmeti iligonga kioo bila kukivunja. Bampa lilipasuka, ringi ya mbele kushoto ilipinda, na fimbo ya usukani ya upande huo ilikunjika. Bima haikugusa gharama, kwa kuwa mazoezi ya uwanjani hayamo kwenye mkataba wake.

KILICHOLICHAPA GARI

Sehemu hii naomba isomwe polepole, maana mchapo huu ndio unaovunja magari mengi kuliko mzunguko wenyewe, na watu huuita bahati mbaya.

Gari linapozunguka kwa nguvu, matairi ya nyuma yanateleza kwa sababu yanazungushwa kuliko mwendo wa gari. Magurudumu ya mbele yameelekezwa kule gari linakokwenda, yaani kinyume na upande ambao pua inageukia. Bodi imelala upande mmoja na springi za upande huo zimebanwa. Hali hiyo hudumu maadamu mafuta yapo.

Ondoa mafuta yote mara moja, na mambo matatu hutokea pamoja. Injini hugeuka breki ya magurudumu ya nyuma, mzunguko wao hupungua hadi kulingana na mwendo wa gari, nayo hushika tena. Uzito husogea mbele, na magurudumu ya mbele yanapata mshiko mkubwa zaidi wa kutii usukani, ambao bado umekatwa. Springi zilizobanwa hufunguka na kuitupa bodi upande wa pili. Gari sasa linafuata usukani kwa ukamilifu, ila usukani unaelekeza mahali ambapo dereva hataki tena kwenda.

Majini yaleyale hutokea kwa upole, maana tairi linaposhika hushika kidogo. Mwanafunzi alikuwa ameondoa mafuta ghafla mara nyingi kwenye maji na gari likamsamehe. Kwa hiyo maji yalimjengea tabia ambayo pakavu haikubali. Sisemi maji ni mabaya. Ningeanza nayo hata leo. Nasema mtu anayefundishwa majini afundishwe namna ya kutoka kwenye duara kwa adabu ya pakavu: usukani unyooshwe kadiri mafuta yanavyopungua, kidogo kwa kidogo, ili tairi la nyuma linaposhika, la mbele liwe limeshanyooka.

Joto pia lilichangia. Matairi ya nyuma yalikuwa yamefanya kazi mchana kutwa, na hewa ndani yake ilikuwa imepanda. Mkufunzi hakuipima upya kabla ya kwenda pakavu.

MAZUNGUMZO NA MAAMUZI MAPYA

Mwanafunzi aliporudi safari tulikaa watatu kwenye kahawa. Alianza yeye. Alisema gharama zote ni zake, na kwamba jambo linalomsumbua ni miguu yake: aliifundisha siku nzima, na ilipohitajika haikushuka. Kwa nini?

Jibu alilitoa mwenyewe baada ya maswali mengi, nami naliona ndiyo moyo wa kisa chote. Alikuwa amejifunza kusimama kwa amri. Kila mara miguu iliposhuka, ilishuka kwa sababu sauti ilisema "miguu!". Sauti ilipozibwa na injini na moshi, miguu ilingoja. Alikuwa na ufundi wa kusimamisha gari, lakini uamuzi wa kulisimamisha ulikuwa bado mikononi mwa mtu mwingine, aliyesimama mbali na redio isiyosikika.

Upande wa mkufunzi kulikuwa na kinyume chake. Alikuwa na uamuzi wa kufunga somo, akautamka, kisha akauacha kwa heshima. Tukakubaliana kwamba kuanzia langoni hakuna Ami wala mwanangu. Kuna dereva na mwalimu, na neno la mwalimu la kufunga halijadiliwi. Mwanafunzi ndiye aliyelishikilia sharti hilo kwa nguvu zaidi. Alisema hata chuoni, mzee akikaa mbele ya mwalimu mdogo, hukaa kama mwanafunzi. Nje ya lango "Ami" ilirudi palepale.

Kisha ikawekwa kanuni ya koni: koni ikitoweka dirishani, kwa sababu yoyote, moshi, jua machoni, kupotea, miguu miwili chini. Dereva asingoje kujua kwa nini imetoweka. Napenda kanuni hii kwa sababu haihitaji mtu wa nje, na haihitaji dereva apime kama hali ni mbaya kiasi gani. Koni ipo au haipo.

KURUDI UWANJANI

Gari lilitengenezwa na pembe za magurudumu zikapimwa upya. Masomo yalianza tena majini, ila mkufunzi alikaa kiti cha abiria akiwa kimya. Dereva alizunguka na kusimama anapoamua mwenyewe, akitamka "natoka" kwa sauti kabla ya miguu kushuka. Wakati mwingine mkufunzi alishika kipande cha kadibodi na kulifunika dirisha la dereva ghafla. Mara za mwanzo miguu ilichelewa. Baadaye ilishuka kabla kadibodi haijatulia.

Pakavu walirudi bila duara. Zoezi lilikuwa robo ya mzunguko tu: toa mkia, ukamate, nyoosha usukani huku mafuta yakipungua, ondoka umenyooka. Ilionekana kazi ndogo isiyo na uzuri wowote, na ndiyo niliyoitazama kwa furaha kuliko zote. Mkono wa dereva ulianza kusikia tairi linaporudi kushika, kupitia usukani, kabla mwili haujasikia mchapo. Hapo ndipo nilipojua anajifunza kweli.

Matairi yalikaguliwa kila baada ya zamu fupi. Pakavu, tairi la nyuma linaweza kuisha hadi nyuzi za ndani kwa muda mfupi, na tairi linalopasuka kwa kasi hiyo hupiga bodi juu ya gurudumu na kung'oa kila kilichopo. Zamu zilifupishwa pia kwa ajili ya klachi, mafuta ya difu na injini, kwa kuwa gari linalozunguka mahali pamoja halipati upepo wa kulipoza huku injini ikifanya kazi ya mlimani. Upepo ulipokuwa unarudisha moshi kwenye duara, somo lilingoja.

MATOKEO

Mkufunzi aliweka kipimo: duara tano mfululizo, kisha kutoka bila mchapo na kusimama ndani ya mraba uliochorwa, bila neno kutoka nje. Kushoto mwanafunzi alifaulu majini na pakavu. Kulia alifaulu majini peke yake. Gari la Ghuba lina usukani kushoto, kwa hiyo ukizunguka kulia koni huitazami kupitia dirisha lako. Unaitafuta upande wa abiria, kupita kwenye bodi na nguzo ya kioo. Wengi wetu tuna upande mmoja ulio mzito, lakini hapa kanuni yenyewe ya koni inakuwa ngumu kutumika.

Je, amekuwa salama zaidi barabarani? Hili lilimleta, na inafaa lijibiwe kwa uangalifu. Norway ilipowawekea madereva wapya mafunzo ya lazima ya kuteleza, utafiti uliofuata ulionyesha vijana wa kiume waliopata mafunzo hayo walipata ajali nyingi zaidi kwenye utelezi. Walitoka wakiamini wanaweza, wakaongeza mwendo. Baadaye mafunzo yalielekezwa zaidi kwenye kumwonyesha dereva mipaka yake. Mwanafunzi wetu ni mtu mzima, na mgongano ule ulimwonyesha mpaka huo mapema. Anasema mvua ya kwanza iliyofuata alitoka kwenye mzunguko kwa gia ya tatu, taratibu, mfumo wote wa kuzuia kuteleza ukiwa umewashwa. Mkia haukutoka, na hakukuwa na lolote la kukamata.

KILICHOFAA NA KISICHOFAA

Kuanza na kusimama kabla ya kuzunguka kulikuwa sahihi, na ninawasihi wote wanaofundisha wasiuruke hatua hiyo. Kasoro ilikuwa katika namna yake. Amri ya sauti ni njia nzuri ya kumfundisha mguu mwendo, lakini mwalimu anatakiwa aiondoe mapema na kumwachia dereva ishara iliyo ndani ya gari. Mkufunzi alipohama kutoka kitini kwenda pembeni, aliondoka na breki ya mwanafunzi bila wote wawili kujua.

Mita 30 za nafasi zilifanya kazi yake. Gari lilisafiri kama 25 pamoja na mtikisiko wa kulia na kushoto, likafika kwenye vizuizi likiwa limepoteza nguvu nyingi. Nafasi hiyo ilipimwa kwa hesabu ya maji. Kwa pakavu na gari la uzito huu nimeiongeza, na kwenye uwanja wetu sasa ni mita 50 au hakuna pakavu.

Kubadili sakafu, mahali anapokaa mkufunzi na saa ya mwisho ya siku, yote kwa wakati mmoja, ndiko kulikounda tukio. Kila badiliko peke yake lingebebeka. Redio tumeiacha kwa mazungumzo ya kabla na baada. Wakati gari linazunguka kuna taa nyekundu kubwa juu ya vizuizi pande nne, na dereva hufundishwa kwamba taa ni nyongeza ya koni wala haichukui nafasi yake.

Kuhusu kuanza na gari la mtu mwenyewe, mkufunzi na mimi bado hatujapatana. Yeye anasema asirudie tena: kila mwanafunzi aanze na gari dogo la uwanja, awe nani. Mimi naona mtu aliyetishwa na gari lake anahitaji kulizoea gari hilo, na kwamba majini Mustang haikuwa tatizo. Tulichokubaliana ni kwamba pakavu, mwenye nguvu za farasi 460 apitie kwanza gari dogo, robo ya mzunguko hadi mkono usikie tairi.

Mwanafunzi anaendelea. Sasa anakuja na mwanawe, ambaye ameanza na somo la miguu kwenye gari dogo. Duara la kulia pakavu bado hajaruhusiwa. Mkufunzi anataka kwanza amwekee koni ya pili mahali inapoonekana kupitia kioo cha mbele, na wanalijaribu hilo majini.